Mtoto Akiwatangulia Wenzake: Uchague Mtaala Gani wa Kumsomesha Nyumbani?



Haya ni maneno tuliyozungumza na wazazi vijana hapa Magogoni, Kisauni, baada ya swala ya Asri. Wengi walikosa kufika, wengine wakaomba tuyaandike. Tumeyaacha karibu na yalivyosemwa, kwa hivyo ukisoma fanya kama umekaa nasi kwenye mkeka.

Bismillah.

Ndugu yangu, dada yangu, naanza na kosa langu mwenyewe. Binti yangu alijua kusoma kabla hajatimiza miaka mitano. Hakuna aliyekaa akamfundisha kwa mpango. Tukiwa ndani ya matatu alikuwa akisoma majina ya maduka, nyumbani akisoma maandishi ya pakiti za unga, mwisho akashika gazeti. Mimi baba mtu nikafanya nini? Nikampeleka maskani. Wazee wakampa gazeti, akasoma, wakasema mashallah, nami kifua kikanijaa.

Skuli alikuwa PP2. Wenzake wakifundishwa herufi, yeye humaliza kazi dakika tano, kisha huambiwa alaze kichwa juu ya dawati awangoje. Akaanza kulia asubuhi, hataki kuvaa yunifomu. Nikaamua kumtoa nimsomeshe nyumbani. Nikavuka daraja hadi mjini, nikanunua vitabu vya Gredi 4 vya masomo yote kwa mpigo mmoja. Sababu? Alikuwa akisoma kama mtoto wa Gredi 4.

Wiki ya tatu mtoto akawa akiviona vile vitabu anajificha. Siku moja akaniambia, "Baba, mimi sijui kitu." Mtoto yule yule aliyekuwa akiwasomea wazee gazeti. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Vitabu hivi umezinunulia sifa zako. Mtoto hukumnunulia kitu."

Yaliniuma maneno yale, lakini yalikuwa kweli.

Ndiyo maana leo sikuambii nunua mtaala huu, wacha ule. Nataka tufahamiane namna ya kuchagua. Na nikifupisha yote, ni mambo mawili tu: chagua mtaala unaomfuata mtoto pale alipo katika kila somo, na usimfungie mlango wa kurudi. Ukisahau mengine, haya usisahau.

Sasa sikiza. Sisi watu wa pwani jambo hili tunalijua tangu zamani, ila hatujui kama tunalijua. Kumbuka chuoni ulikosomea. Watoto arubaini wamekaa chini, na kila mmoja ana pahala pake. Huyu yuko kwenye alifu, huyu yuko Amma, yule ameshaingia msahafuni. Maalim hakuulizi una miaka mingapi. Akuuliza umefika wapi. Mtoto wa miaka sita hukaa karibu na mtoto wa miaka kumi, wala hakuna anayeona ajabu. Je, uliwahi kusikia maalim akimwambia mtoto aliyemaliza Amma angoje mpaka wenzake wote wamalize? Hakuna. Lakini pia, ukija na sura hukuihifadhi vizuri, maalim akurudisha. Hupandi kwa sababu mwaka umekwisha. Na ukishapita, unaambiwa msomeshe mdogo wako aliye nyuma, ili ujuzi usikupandishe kichwa.

Mambo matatu hayo: kila mtoto na mwendo wake, hapandi mpaka ameshika, na anayejua husaidia asiyejua. Wataalamu wa elimu ya watoto wepesi wanaandika vitabu vizima kuyaeleza mambo haya. Wewe umeyaona ukiwa umekaa kwenye jamvi. Basi mtaala wowote utakaoletewa, uupime kwa mizani hiyo ya chuoni.

Na chuo kinatufundisha jambo la nne, la kutuonya. Sote tunajua mtoto anaweza kusoma herufi za Kiarabu vizuri kabisa, na asifahamu hata neno moja. Kiingereza ni vivyo hivyo. Mtoto anaweza kusoma ukurasa wa gazeti bila kukwama, ukamuuliza habari ilikuwa nini, asijue. Kutamka ni kitu kimoja na kufahamu ni kitu chengine. Mimi nilipima ulimi wa binti yangu nikadhani nimepima akili yake yote.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, mpime mtoto. Huhitaji fomu wala ofisi. Chukua siku tatu, kila siku nusu saa, bila kumwambia kuwa ni mtihani.

Siku ya kwanza, kusoma. Mpe ukurasa mmoja wa hadithi, asome, kisha funga kitabu. Mwambie, "Hebu nisimulie." Akisimulia na akakuambia kwa nini mhusika alifanya vile, hapo ndipo alipo. Akishindwa, rudi kitabu chepesi zaidi mpaka apate. Fanya hivyo kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza mbali.

Siku ya pili, hesabu. Usimuulize mara ya saba mara nane. Hiyo ni kasida, ameimba. Mwagia kokwa za kunazi au vizibo vya chupa juu ya mkeka. Mwambie awagawie watu wanne sawa sawa, halafu akueleze zilizobaki afanyeje. Mtume dukani na noti ya mia, akirudi akuhesabie chenji. Mtoto anayeielewa hesabu huieleza kwa mikono kabla ya kuiandika.

Siku ya tatu, kuandika. Mtajie sentensi tatu aandike. Hapa wazazi wengi watashangaa. Kichwa kinaweza kuwa Gredi 4 na vidole bado ni vya PP2. Vidole vya mtoto wa miaka sita ni vya miaka sita, havijui kama mwenyewe ni mwepesi. Binti yangu alikuwa akilia kwa sababu hii: majibu alikuwa nayo, mkono ulikuwa haufiki.

Ukimaliza utaona mtoto wako hana gredi moja. Ana gredi tatu au nne. Kusoma yuko mbele sana, hesabu mbele kidogo, kuandika yuko na wenzake, na akishindwa mchezo hulia kama mtoto wa miaka minne. Huyo ndiye mtoto mwepesi wa kweli. Ukinunua vitabu vya gredi moja kwa masomo yote, lazima kuna pahala utambana na pahala utamchosha.

Sasa tuje kwenye haki, maana hapa vijana wengi hukosea kwa kutojua.

Kabla ya kumtoa mtoto skuli, jua kuwa una haki ya kudai pale pale skulini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapoeleza maana ya elimu ya mahitaji maalumu, imewataja watoto wenye vipaji na uwezo wa juu pamoja na watoto wenye ulemavu. Wengi wetu tukisikia mahitaji maalumu tunafikiria kiti cha magurudumu pekee. Mtoto anayewatangulia wenzake naye yumo kwenye sheria. Serikali ina vituo vya tathmini ya elimu vinavyoitwa EARC, vilivyoanza kufunguliwa mwaka 1984. Uliza kilicho karibu nawe kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, umpeleke mtoto, urudi na karatasi. Kisha keti na mwalimu kwa adabu. Mwalimu ana watoto wengi mbele yake, si adui yako. Usimwambie, "Mwanangu ana akili kuliko hawa." Mwambie, "Mwalimu, akimaliza mapema, naomba asome kitabu hiki nitakachomtilia mkobani." Mara nyingi ombi dogo hilo hupunguza nusu ya shida. Na kama mtoto anapigwa au kudhalilishwa kwa sababu ya kuuliza sana, jua kuwa kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo kimekataza adhabu ya viboko na kumnyanyasa mtoto kiakili.

Kama umejaribu ikashindikana, ndipo uje nyumbani. Na hapa nataka uwe macho wazi. Kifungu cha 30 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria skuli, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Nyumba haikutajwa kwa jina. Wapo wazazi hapa Kenya waliowahi kushtakiwa kwa kusomesha watoto nyumbani, na wapo waliokwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo. Familia zinazosomesha nyumbani zipo na hazijifichi, lakini sisi wa Kisauni tunalijua jambo hili kwa mfano wetu wenyewe: ni kama kujenga kwenye kiwanja kisicho na hati. Unaweza kukaa miaka, lakini siku ukiulizwa, uwe na kitu mkononi. Kwa hivyo weka faili. Ndani yake tia cheti cha kuzaliwa, ripoti za skuli aliyotoka, karatasi ya tathmini, ratiba yako ya wiki, na kazi za mtoto zilizoandikwa tarehe. Kila mwezi tia kazi mbili tatu za kila somo. Usibahatishe, pata ushauri wa wakili au wa watu wa haki za binadamu walio karibu nawe.

Na tukumbuke, kifungu cha 53 cha Katiba kimempa haki ya elimu mtoto. Kimempa yeye, si baba yake. Masomo ya nyumbani ni njia ya kumtimizia haki hiyo, hayawi ruhusa ya kumnyima.

Haya, mitaala yenyewe. Mtu akiuliza Mombasa, huletewa njia tatu.

Ya kwanza ni mtaala wetu wa taifa, wa KICD, huu tuliozoea kuuita CBC. Faida yake kubwa ni bei. Miongozo ya kila gredi inapatikana bure kwenye tovuti ya KICD, na vitabu vilivyoidhinishwa vimeorodheshwa kwenye Orange Book. Vitabu vya mkono wa pili vimejaa mjini. Una Kiswahili, una Elimu ya Dini ya Kiislamu, una mazingira ambayo mtoto anayaona kwa macho. Kwa mtoto mwepesi, hulazimiki kufuata muhula. Soma orodha ya mambo anayotakiwa kujua katika gredi hiyo. Anayoyajua, yapige alama upite. Asiyoyajua, kaa nayo. Mtoto wa namna hii anaweza kumaliza hesabu za mwaka kwa miezi mitano, na hiyo si ajabu. Udhaifu wake ni kwamba shughuli nyingi zimeandikwa kwa darasa lenye watoto wengi, itabidi uzibadilishe zifae nyumbani.

Ya pili ni Cambridge. Hatua za msingi ni 1 mpaka 6, halafu sekondari ya chini, halafu IGCSE. Umri si kizuizi cha kufanya IGCSE, na watahiniwa wa kujitegemea hupokewa kwenye vituo vinavyowakubali. Katika sayansi upo mtihani wa karatasi unaoshika nafasi ya maabara, jambo linalosaidia anayesomea nyumbani. Na kwa taarifa yako, ndani ya IGCSE mna Islamiyat, mna Kiarabu na mna Kiswahili. Tatizo ni pesa. Vitabu ni ghali, na ada ya mtihani hulipwa kwa kila somo. Kwa hivyo ukianza njia hii na mtoto wa miaka sita, jiulize kama utaweza kuimaliza akiwa na miaka kumi na tano. Usianze safari ya Lamu na mafuta ya kufika Kilifi.

Ya tatu ni Accelerated Christian Education, wengi huiita ACE. Nimeitaja makusudi, kwa sababu Muislamu akiuliza mtaala wa nyumbani hapa Kenya, mara nyingi huu ndio wa kwanza kuonyeshwa, na jina lenyewe linasema ni wa kwenda kasi. Ulianzishwa Texas mwaka 1970. Kila somo limegawanywa vijitabu 12 kwa mwaka viitwavyo PACE. Mtoto hujisomea mwenyewe, hujisahihisha, na asipofikia kiwango, ambacho kwa kawaida ni asilimia 80, hurudia. Ukitazama mwendo wake, umefanana na chuo: kila mtoto na pahala pake. Lakini umeandikwa na Wakristo kuwalea watoto wa Kikristo, na hawakuficha hilo. Imani yao imo ndani ya hesabu, sayansi na Kiingereza, si katika somo moja unaloweza kuliruka. Hilo ni haki yao, na majirani zetu wanaoutumia tunawaheshimu. Ila wewe usinunue kwa kuambiwa ni mzuri kisha ukakaa usiku unakata kurasa. Chukua mwendo wake, vijitabu viwache. Tena vijitabu vya kujaza nafasi vina hatari kwa mtoto mwepesi: hujifunza kumaliza, asijifunze kufikiri.

Sasa mimi baada ya kosa langu nilifanya nini? Nilichanganya. Mtaala wa KICD nikaufanya uti wa mgongo. Kiswahili na mazingira tukafuata gredi yake. Hesabu nikampandisha gredi moja, na kila jambo jipya tunaanza kwa vitu vya kushika, tukaja kwenye mchoro, ndipo tukaandika tarakimu. Njia hii nchi ya Singapore imeifuata tangu miaka ya 1980, nawe unaweza kuifuata kwa kokwa za kunazi. Kusoma nikamuachia, asome kwa kadiri ya hamu yake. Kuandika, nikarudi nyuma: mistari mitatu kwa siku, na majibu marefu anayasema kwa mdomo, mama yake anaandika.

Vitu vya bure vipo, bora uwe na simu na bando kidogo. African Storybook ina hadithi za Kiswahili kwa viwango. Khan Academy Kids ni ya watoto wa miaka 2 mpaka 8, haina malipo wala matangazo. Kama bando ni shida, ipo programu ya Kolibri: ukipakua masomo mara moja pahala penye intaneti, nyumbani unayatumia bila mtandao. Lakini simu iwe mtumishi. Mtoto wa miaka sita asikabidhiwe simu ati anasoma, nawe uko maskani.

Na usidhani kuchanganya ni jambo la kubahatisha. Mombasa ilishawahi kufanya kubwa kuliko hilo. Miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa hapa waliona watoto wao wanaachwa nyuma skulini. Wakfu wa Aga Khan ukasaidia, na mwalimu wa hapa hapa kwetu, Bi Swafiya Said, akaingia mitaani akizungumza na wazazi na kuanzisha madarasa ya chekechea pamoja na madrasa. Walitumia vifaa vya kuokota na kutengeneza wenyewe, wakaiunganisha dini na masomo ya skuli, na kina mama wa mitaa wakafunzwa ualimu. Mpango huo ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Haukuletwa kwenye sanduku kutoka ng'ambo. Ulianza na kumtazama mtoto wa pwani alivyo.

Nilisema usifunge mlango wa kurudi. Maana yake ni hii. Kazi ikikuhamisha, au mama akijifungua, au mtoto mwenyewe akisema nataka wenzangu, aweze kurudi skuli bila kuanza upya. Hivi sasa, anayekwenda sekondari ya juu kwa njia ya taifa huhesabiwa KPSEA ya Gredi 6 kwa asilimia 20, tathmini za skuli za Gredi 7 na 8 kwa asilimia 20, na KJSEA ya Gredi 9 kwa asilimia 60. Usajili wa KNEC hupitia skuli. Mtoto asiyekuwa na nambari ya tathmini hataulizwa kama alisoma gazeti akiwa na miaka mitano. Kwa hivyo mapema kabisa amua: ama unarudi njia ya taifa, basi tafuta skuli itakayomsajili kwa wakati wake, ama unakwenda Cambridge mpaka mwisho. Kubaki katikati ndiko kunakomuumiza mtoto, na atakayelipa ni yeye akiwa na miaka kumi na mbili, si wewe leo.

Wengi wenu mtaona njia ya kati ndiyo nafuu: mtoto abaki skuli, na jioni au Jumamosi umpe saa moja ya yale anayoyataka. Hiyo nayo ni kumsomesha nyumbani, wala si jambo la kuonea haya. Sisi wenyewe, binti yetu alirudi skuli Gredi 2. Hakurudi kwa kushindwa. Alirudi kwa sababu alitaka rafiki.

Muda. Mtoto wa miaka sita hahitaji kukaa mezani kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Hata skulini kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Saa moja na nusu mpaka mbili za kazi ya kweli, zilizokatwa vipande, zatosha. Zilizobaki apike na bibi yake, apande mbegu, aende chuoni, acheze kibe na watoto wa jirani. Kama yuko kwenye hifdhi, usimtwishe mizigo miwili mizito saa moja. Hifdhi iwe alfajiri, hesabu baadaye. Na mtoto aliye mbele, kabla ya kumpandisha juu, mpanue. Amemaliza hesabu za Gredi 2? Si lazima kesho awe Gredi 3. Mpe mafumbo, mfundishe bao, apime kivuli cha mnazi asubuhi na adhuhuri akuambie kwa nini kimebadilika.

Kina baba, nawaambia hili kwa upole. Ukisema "tunamsomesha nyumbani", ni nani huyo "sisi"? Mara nyingi ni mama, ambaye pia anapika, anafua, ananyonyesha, na huenda anauza viazi karai jioni. Kama umeamua, chukua somo lako. Hata moja. Baada ya Isha nusu saa ya kusoma hadithi na mtoto haikushindi.

Na jambo hili nalisema bila kuzungusha: masomo ya nyumbani yasigeuzwe kisingizio cha kumtoa msichana skuli. Kama kaka zake wanasoma sayansi skulini na yeye "anasomea nyumbani" kwa kufagia na kulea wadogo, hapo hapana mtaala, pana dhulma. Ukimpima msichana ukamkuta mwepesi, amana juu yako imezidi, haikupungua.

Nimalizie na mtoto mmoja wa Mombasa. Alizaliwa mwaka 1933, baba yake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kijana alifanya mtihani wa cheti cha Cambridge akapata daraja la tatu. Makerere hakuingia. Akafanya kazi ya ofisini pale MIOME, ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku ya Maulid akatoa hotuba, gavana wa wakati huo akaisikia, na kutoka hapo ukafunguka mlango wa kwenda kusoma Uingereza. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi Makerere ile ile iliyomkosa, safari hii akiwa profesa. Huyo ndiye Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 akaletwa kuzikwa hapa hapa Mombasa.

Kwa nini nakuhadithia? Kwa sababu sisi wazazi wa watoto wepesi tuna haraka. Twadhani mtoto asipofika mwaka huu, amepotea. Wa miaka sita hajachelewa popote. Kilichomuokoa yule kijana ni kwamba hamu ya elimu haikufa ndani yake, na mlango haukufungwa. Hivyo viwili ndivyo vya kumlindia mwanao. Gredi zitakuja.

Basi wiki hii fanya matatu. Mpime kwa siku tatu kama tulivyosema. Nenda kazungumze na mwalimu wake. Fungua faili, hata kama hujaamua. Kitabu usinunue bado. Na ukiwa na mtoto wa namna hii, mtafute mzazi mwenzako mwenye wake. Hapa Magogoni, Mlaleo, Mtopanga, mpo. Watoto wanne kwenye ukumbi wa nyumba moja, Jumamosi mbili kwa mwezi, tayari mna chuo.

Binti yangu sasa anasoma tena gazeti. Maskani simpeleki. Anamsomea bibi yake, ambaye macho yamemchoka, na bibi akiuliza "kwani hawa wamegombania nini?", inambidi asome tena mpaka afahamu, ndipo amueleze.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto watakaotufaa na kuwafaa wenzao, na atupe sisi subira ya kuwafuata mwendo wao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.